Mzee Shuka na Mawe Matatu ya Kivukoni

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, tutafanya sherehe ya kumuaga dereva wa kliniki yetu ya kutembea, anayestaafu baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne kazini. Mhariri wa jarida ameniomba niandike wasifu wake kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ila mnivumilie. Nina hofu tangu nilipoambiwa kwamba atakayeshika usukani baada yake ni mimi, muuguzi wa chanjo, ambaye hadi miezi miwili iliyopita sikuwahi kuendesha gari nje ya lami.

Jina lake halisi liko kwenye jalada la utumishi. Huku kwetu anaitwa Mzee Shuka, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Hakuna tope, mteremko wala maji aliyowahi kuyapita bila kwanza kusimamisha gari na kusema, "Shuka kwanza, uone." Madaktari wameshuka. Wageni wa makao makuu wameshuka na viatu vyao vinavyong'aa, wakarudi navyo mkononi. Mkunga wetu, ambaye hana simile, hulalamika kwamba nusu ya njia ya kwenda kituo cha mwisho ameitembea kwa miguu huku gari likimfuata.

Aliajiriwa kama fundi msaidizi wa karakana, mwembamba kiasi kwamba ndiye aliyekuwa akitumwa kuingia chini ya gari pasipo kuliinua kwa jeki. Baada ya miaka mitatu dereva wa wakati huo aliugua, naye akapewa gari kwa wiki moja. Wiki hiyo ndiyo inayokwisha Ijumaa. Ameendesha magari matatu, na hili la sasa analo mwaka wa kumi na nne. Halijapinduka hata mara moja. Hakuna sanduku la chanjo lililowahi kuharibika mikononi mwake. Watoto wawili wamezaliwa kwenye kiti cha nyuma, na mara zote mbili alisimama nje na mwavuli, akiwa ameligeuzia gari mgongo, akitoka jasho kuliko mzazi mwenyewe.

Mwaka huu uongozi ulitangaza kwamba hataajiriwa dereva mwingine. Wahudumu wa kliniki tujifunze, tujiendeshe. Waliochaguliwa ni mimi na mkunga, na tukapewa wiki nane. Mkunga alishangilia. Mimi nilikwenda chooni.

Somo la kwanza lilidumu asubuhi nzima na injini haikuwashwa. Alitandika maboksi chini ya gari, tukalala chali wote watatu, akatuonyesha difu, lile bonge la chuma linalozungusha magurudumu, inavyoning'inia katikati ya ekseli, chini kuliko kitu kingine chochote. Gari lisipimwe kwa urefu wa paa, alisema, lipimwe kwa difu, maana hiyo ndiyo itakayogonga jiwe. Kisha akatuonyesha mahali injini inapovutia hewa, na akatutaka tukumbuke kwamba maji yakifika hapo safari imekwisha. Nilitambaa kutoka chini ya lile gari nikiwa na mafuta kwenye nywele na hofu mpya ambayo sikuwa nayo nilipoingia.

Yaliyofuata niliyaandika kwenye daftari la chanjo, nyuma. Vidole gumba vikae nje ya usukani, visiuzunguke, kwa sababu tairi ikigonga jiwe usukani hujizungusha wenyewe na kuvunja kidole. Kwenye mchanga tairi zipunguzwe upepo, zilale kidogo, kisha zijazwe tena kabla ya kurudi lami. Kwenye mteremko mkali weka gia ya kwanza, usiguse klachi, iache injini ikushikilie. Hili la mwisho lilinitesa. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa na akili zake, na kila nilipoona bonde mbele yangu ulikwenda kwenye klachi bila kuniuliza. Mzee hakunipigia kelele. Alikuwa akisema tu, "Binti yangu, mguu," nami nina miaka arobaini na sita na mjukuu.

Wiki ya tatu nilizama kwenye tope. Nilikuwa nimevuta mkono mfupi wa gia kama alivyonifundisha, ule unaoamuru magurudumu yote manne yavute, lakini gari lilikuwa linachimba tu na kukaa. Nilikanyaga mafuta, nikakata matawi, nikachimba kwa sepeto karibu saa nzima. Yeye alikaa juu ya gogo akimenya chungwa. Alipolimaliza akaniuliza kwa upole magurudumu ya mbele yalikuwa yanazunguka au yametulia. Nikaangalia. Yametulia tuli, safi kama yametoka dukani. Gari letu ni la zamani, lina loki mbili kwenye magurudumu ya mbele ambazo lazima ushuke uzifunge kwa mkono, la sivyo mkono wa gia unaamuru na mbele hakuna anayesikia. Nilizifunga, likatoka kwa mara moja. Mkunga alinicheka hadi akashika mbavu, na Jumanne iliyofuata akafanya kosa hilohilo palepale.

Sasa nifike kwenye siku ambayo Mzee mwenyewe ameagiza isirukwe.

Kivuko cha mto kina mawe matatu aliyoyapaka rangi nyeupe miaka mingi iliyopita, yamepangwa ukingo wa ng'ambo, moja juu ya lingine kama ngazi. Ukiyaona yote matatu, pita. Yakipungua, usipite. Wiki ya tano tulifika hapo mimi na yeye, masanduku ya chanjo nyuma, mvua ikiwa imenyesha huko juu usiku kucha. Mimi nilikuwa kwenye usukani. Kwa kweli sikutaka kushuka. Nikamwuliza kama anayaona mawe kutoka pale alipoketi. Aliangalia kwa muda mrefu. Akasema yote matatu yapo, niingie.

Nilikuwa nimeshaweka gia. Sijui ni woga au ni mazoea aliyonitia yeye mwenyewe, lakini nilifungua mlango nikashuka, nikaenda hadi penye maji. Jiwe lilikuwa moja. Yale mawili yalikuwa chini ya maji ya rangi ya chai ya maziwa, yakienda kasi.

Nilirudi nikamwambia. Akauliza, "Moja tu?" Nikasema moja. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akaivua tena. Ndipo akaniambia kwamba tangu mwaka jana jicho la kushoto lina ukungu, na la kulia limeanza kulifuata. Barabara anaijua shimo kwa shimo, kwa hiyo alikuwa akiipita kwa kumbukumbu. Kwenye maji alikuwa akitushusha na kutuuliza tumeona nini, tukidhani ni kutufundisha tu. Ilikuwa kufundisha, na pia ilikuwa kuazima macho yetu. Siku hiyo nilipomwuliza yeye, aliona haya kukiri kwamba hayaoni, hata hakunishusha.

Nilikasirika, na siwezi kuficha hilo hata kwenye karatasi ya sherehe. Katika mwaka huo tumebeba wajawazito, tumebeba watoto wenye homa. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mzee wa rika la baba yake. Kisha nikajikasirikia mwenyewe. Mimi ndiye ninayezunguka shuleni na kadi ya kupima macho ya wanafunzi. Nimekaa kiti kimoja na mtu huyu miaka kumi na moja na sikuwahi kumnyooshea ile kadi.

Nililirudisha gari nyuma kwenye ile njia nyembamba, mita mia mbili, shingo imekakamaa. Chanjo zilibaki salama kwenye barafu, zikavuka kesho yake saa nne asubuhi. Jioni ya siku ile ya mto Mzee alikwenda kwa mkuu wa kliniki bila kusukumwa na mtu, akaweka funguo mezani na kusema sababu. Baadaye akanitaka niyaandike haya, maana dereva aliyeficha, alisema, asemwe, ili atakayekuja asifiche. Huyo atakayekuja ni mimi, na nimesikia.

Tangu siku hiyo mimi ndiye ninayeendesha. Yeye hukaa kando akikanyaga breki ambayo haipo, na zulia la upande wake limeanza kutoboka.

Watu huandika kwamba mstaafu ameacha pengo. Pengo langu mimi lina maji hadi magotini. Jumatatu baada ya sherehe Mzee ana miadi ya kupasuliwa jicho la kushoto katika hospitali ya rufaa, na hospitali iko ng'ambo ya kivuko. Gari ni moja. Siku mbili tatu hizi naamka alfajiri kusikiliza kama kuna mvua kwenye bati. Nimezikagua loki mara nyingi hadi mlinzi ameniuliza kama nimepoteza kitu. Mkunga atakaa mbele nami. Mzee amesema atakaa nyuma, kiti cha wagonjwa, na hatafungua mdomo hadi tufike. Hilo ndilo linalonitisha kuliko mto.

Kwa niaba ya wahudumu wote, na kwa mamia ya akina mama waliofika salama bila kujua njia ilikuwa mbaya kiasi gani, tunamshukuru. Tunamshukuru pia mkewe, ambaye amekaa na chakula kinachopoa kwa miaka thelathini na mmoja, na ambaye ameniambia kwamba sasa ni zamu yake kumshusha.

Jana tulijaza fomu ya hospitali mezani kwangu. Yeye hawezi tena kusoma maandishi madogo, kwa hiyo nilikuwa nikimsomea na kuandika. Kuna mstari unaouliza kazi ya anayemsindikiza mgonjwa. Niliandika "muuguzi." Akauliza nimeandika nini, nikamsomea. Akaniambia nikate, niandike "dereva."

Nimeandika, Mzee wetu. Nenda kapumzike. Tunakuombea miaka mingi ya afya, na macho mawili ya kuiona.