Evodia Ndahani na Tope la Bwawa la Mlongoni

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Evodia Ndahani, mzaliwa wa Ihumwa, mtafiti wa viumbe wa chini ya maji. Alizikwa Jumamosi.

Wengi wetu tukitazama bwawa tunaona maji. Evodia alitaka kujua tope lililo chini yake. Akiwa kwenye mtumbwi wake, alishusha ndoo ndogo ya chuma kwa kamba, akachota tope, akalichekecha, akatafuta minyoo, konokono na mabuu. "Hawa ndio wanaokula uozo," alimwambia mumewe, Yoramu. "Wakifa hawa, bwawa limekufa, hata kama juu linametameta."

Mwaka juzi, katika bwawa la Mlongoni, ng'ambo ya Hombolo, alipandisha tope jeusi linalonuka kama mayai viza. Akachota upande mwingine. Hakuna kilichotikisika. Nasema tena, wasikilizaji: chini kabisa ya bwawa lile hapakuwa na kiumbe hai hata kimoja. Samadi na mbolea za mashambani zilikuwa zimerundikana huko, hewa imekwisha.

Akaenda kwenye mkutano wa kijiji. "Baba zangu, shikamooni. Upepo wa kipupwe ukivuma, maji mabaya ya chini yatapanda juu. Samaki watakufa. Wavueni sasa, na mifugo msiinyweshe humo."

Mwenyekiti, mzee Gaudence, alicheka. "Binti yangu, sisi tunakula samaki. Tope, kale wewe."

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Evodia akajikaza kutabasamu.

Kipupwe kikaja. Asubuhi moja perege wakaelea matumbo juu, bwawa zima likawa jeupe. Evodia aliposikia hakungoja. Alibeba vyombo vyake akaenda kusaidia, akidhani sasa watamsikiliza.

Walikuwa wakimsubiri.

"Alijuaje?" mtu alipaza sauti. "Kila siku anatumbukiza machuma yake humo! Ndiye aliyetia sumu!"

Alijaribu kueleza. Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni. Mtumbwi wake ukachomwa moto, mkono wake wa kulia ukavunjwa. Alipotazama huku na huku kumtafuta mwenyekiti, alimwona amesimama pembeni, mikono nyuma.

Mkono haukupona sawasawa. Hakuweza tena kuvuta kamba. Ofisini alikoajiriwa kama mtafiti wakamweka mapokezi, awakaribishe wageni. Yoramu anasema, "Mke wangu hakulia kwa kipigo. Alilia kwa sababu alikuwa amesema kweli." Hakurudi tena majini, mpaka shinikizo la damu lilipomchukua, bado mama wa makamo.

Hakuna aliyeshtakiwa. Hata mmoja. Na makaburini mzee Gaudence alisimama, akamwita marehemu "hazina yetu". Dada wa marehemu, Paulina, akamkatiza mbele ya waombolezaji wote: "Baba, shikamoo. Naomba ukae."

Mzee akakaa.

Tunampa pole Yoramu, tunampa pole Paulina, na ukoo wote wa Ndahani. Mungu ampumzishe. Nasi tuliobaki tutafakari. Mbolea ingali inatiririka Mlongoni, na ng'ombe wanakunywa. Tangu Evodia apigwe, hakuna mtaalamu aliyekubali kwenda kule. Maji yametulia. Chini kuna nini, hatujui, na wa kutuambia tumemzika.