Mkono Uliomchora Shangazi Sindano

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, mchoraji mkuu wa jarida letu la katuni anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Hapa ofisini, kiwandani kwa wachapaji na kwa wauza magazeti wa mtaa mzima, anajulikana kwa jina la Mama Jalada. Hata mama mkwe wake, siku alipopiga simu ya ofisi kumtafuta, aliomba aitiwe Mama Jalada.

Hakuajiriwa kuchora. Aliajiriwa kuandika maneno ndani ya viputo, yale mawingu meupe yanayotoka midomoni mwa wahusika. Zama hizo kila herufi iliandikwa kwa mkono, na mwandiko wake ulinyooka kama uliopigiwa rula. Walimweka kwenye kona ya chumba cha michoro, jirani na sinki la kuoshea brashi, na kila aliyepita alimrushia matone ya maji yenye wino. Anasema alijifunzia uchoraji pale pale, kwa kukodolea macho kazi za wenzake na kujiuliza kwa nini mtu anayesema amekasirika achorwe kama anayesubiri zamu kwa kinyozi.

Bahati yake ilikuja mchoraji wa majalada alipopata kazi kwingine na kuondoka jalada la mwezi likiwa halijaanzwa. Mhariri akatoka ofisini kwake akauliza kama kuna anayeweza kuchora polisi akimkimbiza mwizi. Wote wakainamia meza zao. Mwandika viputo akanyoosha mkono. Alichora jalada lenye vumbi, jasho na viatu vinavyopaa, na kila mtu akalisifu, mpaka jarida lilipofika kwa wasomaji na simu zikaanza kuita. Polisi yule alikuwa na mikono miwili ya kushoto.

Mhariri alitaka kuomba radhi kwenye ukurasa wa kwanza. Mama Jalada, ambaye bado hakuwa Mama Jalada, alimsihi ampe nafasi ya picha moja ndogo tu. Toleo lililofuata, polisi yule yule alionekana dukani akiulizia glavu, zote za kushoto, na muuzaji akizifunga bila hata kushangaa. Wasomaji walicheka, mhariri akacheka, na kazi ya majalada ikawa yake. Kuteleza si kuanguka.

Nduguze nao walionja joto la kazi hiyo. Mumewe, fundi wa majokofu, alisimamishwa sebuleni ili achorwe, akiwa ameshika ufagio kama bunduki huku chakula kikiungua jikoni, na majirani wakaja kugonga kuuliza kama nyumba ina amani. Shemeji yake ndiye aliyeumia zaidi. Majambazi wote wa miaka ile ya mwanzo wana pua yake. Kuna kipindi shemeji huyo aligoma kuja kula chakula cha Jumapili mpaka achorwe kuwa mtu mwema, hivyo akafanywa daktari. Ukitazama matoleo ya zamani utamwona daktari mmoja mpole sana, mwenye pua ya kijambazi.

Asilolijua msomaji ni kwamba jalada halimalizwi mezani. Kila toleo jipya lilipotoka, Mama Jalada alivuka barabara, akasimama mkabala na kibanda cha magazeti, akalitafuta jarida lake kati ya mengine. Kama jicho halikulifikia haraka, alirudi ofisini amenuna na kuongeza ukubwa wa vichwa vya wahusika. Siku moja muuza magazeti alimchoka, akamwita kwa sauti kutoka ng'ambo: "Mama, unanunua au unapunga upepo?" Akavuka, akanunua jarida alilolichora mwenyewe, akamuuliza ni rangi gani inayosimamisha watu. Yule bwana akamjibu kwamba nyekundu inasimamisha, lakini uso wa mtu anayeficha jambo ndio unaomfanya mteja atie mkono mfukoni. Somo hilo amemfundisha kila mchoraji aliyepita hapa, na kila mara humtaja mwalimu wake.

Kisha akaja Shangazi Sindano, mpelelezi wa hadithi zetu za picha, na hapo ndipo lazima nimtaje mtunzi wetu marehemu, tuliyemwita Nukta kwa sababu hakumruhusu mtu kuondoa hata nukta moja katika maandishi yake. Nukta alitaka mpelelezi kijana, mwembamba, mwenye koti refu. Mama Jalada akamletea mama wa makamo, fundi cherehani, futi ya kupimia shingoni, miguu imevimba kwa kukaa.

"Huyu hawezi kumkimbiza mtu," Nukta akasema.

"Hakimbizi," Mama Jalada akamjibu. "Watarudi wenyewe. Nguo zao ziko kwake."

Nukta akavuta karatasi na kuanza kuandika. Ndivyo alivyozaliwa fundi anayejua siri za wapangaji wa jengo zima, kwa sababu mtu aliyenyoosha mikono apimwe kifua huona tabu kusema uongo. Kwa miaka mingi wawili hawa walimlea Shangazi kama wazazi wanaolea mtoto mmoja, maana yake waligombana kila siku. Mimi ndiye mpanga kurasa, na meza yangu inatazamana na zao, kwa hiyo nasimulia niliyoyaona.

Ugomvi mkubwa kuliko yote uliletwa na jalada. Katika hadithi ya Nukta, mwizi wa funguo za jengo alikuwa amefichwa matoleo matatu mfululizo. Mama Jalada akachora kivuli chake ukutani, na kivuli kile kilichechemea. Katika jengo zima alikuwapo mpangaji mmoja tu anayechechemea. Wasomaji wakajua kabla ya kufunua ukurasa.

Nukta aliingia na jarida mkononi. "Umeiuza hadithi yangu mlangoni," alisema.

"Bila mlango wangu, hadithi yako isingepata mgeni," Mama Jalada akajibu.

Basi wakanuniana. Migongo ya viti vyao iliachana kwa urefu wa rula, lakini kila neno lilipitia kwa mhariri. Mwambie mwenzangu ukurasa wa tano una maneno mengi, alituma Mama Jalada. Mwambie mwenzangu akichora watu wenye masikio, watayasikia, Nukta alirudisha. Mhariri alikwenda na kurudi mpaka akasema atadai posho ya tarishi. Sisi wengine tulicheka chini chini, tukijua kwamba hasira zao hazina umri mrefu.

Hasira hizo hazikupata nafasi ya kuisha. Nukta aliugua ghafla mwisho wa juma, akalazwa, na Jumatatu tukapata habari kwamba ametutoka. Mezani kwake kulikuwa na hadithi iliyofika nusu. Shangazi Sindano amepanda ngazi mpaka kwenye chumba cha juu ambacho hakijafunguliwa tangu hadithi ianze, ameweka mkono kwenye kitasa. Sentensi ya mwisho ilisema kwamba anafungua mlango. Baada ya hapo hakukuwa na kitu, wala hakuna aliyewahi kuambiwa chumbani mle mna nini.

Mhariri akaita kikao. Wapo waliosema aletwe mtunzi mwingine amalizie, na wapo waliosema hadithi isimamishwe na wasomaji waelezwe. Watu walipoanza kukusanya karatasi zao, Mama Jalada akainuka.

"Mlango nitaufungua mimi," akasema. "Naomba wiki moja."

Wiki hiyo alifanya kazi akiwa ameugeuzia ukuta ubao wake wa kuchorea. Aliponikabidhi kurasa nizipange, nilidhani amesahau viputo. Hazikuwa na neno hata moja. Shangazi anafungua mlango. Ndani ya chumba ameketi mwanamume aliyewapa mgongo wasomaji, anaandika. Kola ya shati imejikunja upande mmoja, penseli iko nyuma ya sikio, mguu mmoja umetoka kwenye kiatu. Yeyote aliyewahi kuingia katika ofisi yetu angemjua. Shangazi anamtazama. Anavua futi shingoni, anampima mabega, taratibu, asimsumbue. Mwanamume hageuki, anaendelea kuandika. Shangazi anatoka na kuurudisha mlango bila kuufunga. Katika picha ya mwisho yuko kwenye cherehani yake, anashona koti refu kwa vipimo vile.

Jalada nalo lilikuwa geni kwake. Mtu aliyetuhubiria nyekundu miaka nenda rudi alichora mlango wa kijivu ulio wazi kidogo, na mgongo wa Shangazi, basi.

Mhariri alizipitia kurasa mara mbili. Akasema kwa upole kwamba wasomaji wetu hununua maneno pia.

"Mwenye maneno hayupo," Mama Jalada akamwambia.

Mhariri akatia saini, kurasa zikaenda kiwandani.

Ndipo tukakumbuka jambo ambalo lilipaswa kukumbukwa mapema. Hakuna aliyemuomba ruhusa mjane wa Nukta. Tulikuwa tumemchora mumewe, na kumuuza vibandani, kabla machozi yake hayajakauka. Mama Jalada aliposhtukia hilo, majarida yalikuwa yameshafika mitaani. Alikosa raha. Mara mbili alijiandaa kwenda nyumbani kwa marehemu, na mara mbili akarudi kutoka kituo cha basi. Kisha mjane akaja mwenyewe.

Aliingia chumba cha michoro akiwa na jarida ndani ya mkoba. Sote tukajitia kazi nyingi. Alilifungua kwenye ukurasa ule, akaliweka juu ya meza ya mumewe, akauliza ni nani aliyechora mgongo huu. Mama Jalada akasimama, akasema ni yeye.

"Umempatia," mjane akasema. "Miaka yote ya ndoa yetu, huu ndio upande wake nilioutazama zaidi."

Akacheka kidogo. Mama Jalada hakuweza kucheka. Alimwambia ukweli wote, kwamba marehemu ameondoka wakiwa hawasemezani.

"Najua, mwenzangu. Kila jioni alinihadithia mlivyonuniana siku hiyo. Alikuwa akifurahi. Aliniambia hakuna mtu anayemnunia kwa moyo kama wewe."

Hapo Mama Jalada akaketi, akafunika uso kwa viganja vyenye wino, na mjane akamshika bega mpaka akatulia. Tuliondoka mmoja mmoja, tukawaachia chumba.

Tangu siku ile wanaitana wifi, na hakuna aliyewahi kuuliza undugu huo ulitokea wapi. Jarida halikumleta mtunzi mwingine. Mama Jalada alianza kumtungia Shangazi hadithi mwenyewe, na tuseme kweli tupu, zile za mwanzo zilikuwa chapwa. Wahusika walisimama tu wakitazama mbali kurasa nzima. Wifi yake ndiye aliyeokoa jahazi. Kila rasimu ilipelekwa kwake ikiwa na penseli, na ilirudi imechorwachorwa pembeni kwa maswali ya mtu aliyeishi na mtunzi na kusikia kila hadithi kabla haijaandikwa. Leo wasomaji wengi hawakumbuki kwamba Shangazi amewahi kuwa na mtunzi mwingine, na Mama Jalada huwakumbusha kila anapopewa sifa.

Zilipokuja kompyuta, wengi tulitabiri kwamba ataacha kazi. Alilalamika, hilo ni kweli. Alisema kalamu isiyochafua vidole haimwamini. Lakini alijifunza, na akatangulia kuzijua baadhi ya njia ambazo vijana walikuja kumuuliza. Majalada yake ya miaka hii yana mwanga ambao ya zamani hayakuwa nao, na nyuso zake zinaficha mambo vizuri kuliko zamani.

Mwaka huu alimfundisha mrithi wake, binti aliyekuja kwetu akiwa anajua kila mkunjo wa gauni la Shangazi. Binti huyo alichora kurasa za majaribio zilizofanana na za Mama Jalada kiasi kwamba hatukuweza kuzitenganisha. Sisi tulipiga makofi. Mama Jalada akazirudisha.

"Huyu ni wangu," alimwambia. "Nichoree wako. Miguu ivimbe tu, mengine ni juu yako."

Binti alikwenda kulia chooni, akarudi, akachora upya. Shangazi ambaye msomaji atamwona mwezi ujao ana mabega mapana zaidi na anacheka kwa upande mmoja. Mama Jalada alimtazama kwa muda mrefu, akasema angependa kushonewa gauni na mama huyo. Kisha akaanza kuzifunga brashi zake ndani ya taulo, bila kutuaga, kama mtu anayewahi basi.

Mama Jalada, umetupa kazi yako, umetupa kicheko chako, na umetuonyesha jinsi ya kumuaga mwenzetu wakati maneno yamekwisha. Asante, na asante kwa mumeo na nduguzo waliotuazima nyuso zao. Pumzika sasa. Asubuhi mkono ukikuwasha, chora. Usipokuwasha, lala, hakuna kiwanda kinachokungoja. Tunakuombea afya, macho mema, kicheko pamoja na wifi yako, na miaka mingi ya kukaa upande wa msomaji, ukifunua ukurasa bila kujua kitakachofuata.