Geraldine Stroik na Mashine ya Nyimbo ya Mtaa wa Lincoln

Ijumaa hii, tarehe 24 Aprili 2009, Geraldine Stroik anastaafu baada ya kulitumikia duka letu la Kessen Music, tawi la Mtaa wa Lincoln, Milwaukee, kwa miaka thelathini na mmoja. Chakula cha kumuaga ni samaki wa kukaanga, kwa kuwa ni Ijumaa na ndiyo desturi ya Milwaukee, na kwa kuwa amekataa keki.

Anaondoka akiwa na afya njema na ucheshi wake wote. Jambo moja tu limemsumbua tangu Januari. Ofisi kuu ilitangaza kwamba atakapotoka yeye, mashine ya nyimbo nayo itatolewa, maana hapatakuwa na mtu wa kusimama karibu nayo.

Alianza kazi mwaka 1977 kwenye kaunta ya santuri, upande wa polka, ile dansi ya akodiani. Meneja wa wakati huo alisikia jina la ukoo la mumewe, la Kipolandi, akadhani mke naye anaijua polka. Hakuijua. Kufikia Krismasi alikuwa anawasahihisha wateja.

Mwaka 1989 tuliletewa mashine ya kwanza, ya kaseti, ambayo haikudumu. Hii ya CD iliyo karibu na dirisha ilikuja mwaka 2004. Mteja anavaa hedifoni, anagusa majina ya nyimbo kwenye kioo, anaonja kipande cha kila wimbo, anachagua zisizozidi kumi na tano, kisha anaipa CD yake jina. Inatoka ikiwa bado ina joto, pamoja na jalada lake. Juu ya mashine pameandikwa JIHUDUMIE. Geraldine hakuwahi kulitii neno hilo.

Wengi wetu tunamkumbuka Bwana Zastrow, fundi bomba, aliyechagua wimbo mmoja wa mapenzi mara kumi na tano. Kila mara mashine ilimuuliza kama ana hakika, naye akabonyeza ndiyo.

“Bwana Zastrow,” Geraldine alimwambia, “mkeo atakusikia hata akiimbiwa mara moja.”

“Humjui yule mama. Hizi kumi na nne za kwanza ni za kumfanya afungue mlango.”

Wiki iliyofuata alirudi akasema mlango ulifunguliwa kwenye wimbo wa tatu, na kwamba anadai kurudishiwa hela ya zilizobaki. Geraldine alimpa peremende.

Mashine hiyo ina tabia moja mbaya. Ikikaa kidogo bila kuguswa, huona mteja ameshaondoka, nayo hufuta kila alichochagua. Anayetengeneza CD ya sherehe hapati shida, kwa sababu vidole vyake havitulii. Anayesumbuliwa ni yule anayesimama kufikiri: baba anayemwandalia binti nyimbo za arusi, au mtu aliyefiwa. Hao ndio waliokuwa wakibaki wameduwaa mbele ya kioo cheupe.

Kwa hiyo Geraldine alijiwekea utaratibu. Akipita na rundo la majalada, hugusa pembe ya kioo kwa kifundo cha kidole huku macho yake yakiwa barabarani, asije akasoma nyimbo za mtu. Mashine hudanganyika, mteja huendelea kufikiri. Hakuna aliyemfundisha, wala hakuna kitabu cha mafunzo kinacholitaja jambo hilo.

Mimi nafanya hesabu ghorofani, na kwa miaka mingi niliijua mashine hiyo kama mstari mmoja wa tarakimu. Oktoba iliyopita mume wangu, Rollie, alifariki, nikashuka kumtengenezea CD ya mazishi. Rollie alipenda akodiani, na alikuwa akipiga mluzi anapokwangua barafu kwenye kioo cha gari. Nilipata nyimbo kumi na nne. Ya kumi na tano haikuja. Nilisimama pale mchana mzima, na mchana mzima Geraldine alikuwa na sababu ya kupita.

Mwishoni alisema, “Arlene, iache wazi hiyo nafasi. Nani kasema lazima zijae?”

Ilipigwa hivyo hivyo kanisani.

Januari, msimamizi wa kanda, Craig Tillotson, alipokuja na habari ya kuiondoa mashine, Geraldine alimfuata hadi kwenye gari lake, theluji ikianguka.

“Geraldine, mama, imeandikwa JIHUDUMIE. Unataka niiajirie mlinzi?”

“Hata hospitali pameandikwa KARIBU, Craig, lakini mapokezi hukosi kumkuta mtu.”

Craig alicheka, lakini alikubali jambo moja: mfanyakazi yeyote wa tawi hili akijitolea kushika nafasi hiyo kabla ya leo, mashine itabaki mpaka mkataba wake utakapokwisha. Februari ikapita. Vijana wa kaunta walisema afadhali wahesabu bidhaa stoo. Machi nayo ikapita. Geraldine hakumshurutisha mtu. Aliendelea kupita na majalada yake, na sisi tuliomfahamu tuliona kwamba ameacha kuimba huku akitembea, kama alivyozoea.

Jumatano wiki hii Craig alipokea jina moja. Ofisi ya hesabu itafungwa kila Jumamosi, na mchana wa siku nyingine nitashuka.

Geraldine, wenzako wote wanakushukuru kwa uvumilivu wako, kwa peremende, na kwa polka uliyotulazimisha kuizoea. Ufurahie mapumziko yako, na Bwana Stroik akuzoee polepole nyumbani mchana. Kesho saa nne asubuhi mlango utakapofunguliwa, usiamke kwa ajili yetu. Mashine imebaki, nami nitakuwa nimesimama hapo.

Arlene Budzisz, Hesabu