Bomba Lililopumulia Chini ya Goti

Wanajumuiya, nashukuru kwa nafasi hii. Mnisamehe nikitetemeka. Nikisimama mbele za watu huwa naona kama kila mtu anakagua vifungo vya shati langu.

Wengi mnakijua kigari changu cheupe, kile ambacho mama mmoja hapa anasema nakiosha kuliko ninavyooga. Ufundi sikusomea popote. Nimejifunza kwa kufungua, kuharibu, kurudishia, na kwa video za kwenye simu. Mwaka jana nikaamua kubadilisha bomba la hewa. Kwa nyie msioendesha: injini inapumua kama sisi, na hewa yake hupita kwenye chujio lililo ndani ya boksi jeusi. Wapenda magari huling'oa boksi hilo wakafunga bomba pana lenye chujio la wazi, ili injini ivute hewa ya baridi na gari lichangamke.

Ndugu zangu, nawaambia kweli, sikumwamini mtu. Fundi wangu wa Kashaulili, pale mjini, alinishauri nibaki na boksi, au kama ni lazima nichukue bomba fupi, chujio likae juu karibu na betri. Nikajua tu anataka kunisukumia mali iliyomdodea. Nikachagua lile refu, linaloshuka mpaka nyuma ya bampa, maana video zilisema huko chini ndiko kwenye hewa baridi. Nikaagiza Dar. Mzigo ulipofika, nikamshuku hata kondakta wa basi kwamba kaubadilisha. Nikanusa mpira, nikapima mdomo kwa rula, nikalinganisha maandishi na picha herufi kwa herufi. Nilitafuta ufeki, sikuuona. Lilikuwa orijino kabisa. Nikalifunga mwenyewe, fundi asije akaligusa.

Mvua zikaja. Asubuhi moja shemeji akapiga simu kutoka shambani kwao, mbele ya Magamba. Dada yangu ameshikwa uchungu, anatoka damu, apelekwe hospitali mjini. Nikawasha gari kumfuata. Wakati wa kwenda, korongo linalokata njia lilikuwa na maji ya kulowesha tairi tu. Tunarudi naye, limejaa.

Mnajua tunavyofanya. Mtu anakunja suruali, anaingia na fimbo, dereva anaangalia mguu wake. Maji yakiwa chini ya goti, gari linapita. Shemeji akaingia, yakakomea chini kidogo ya goti. Gari dogo lililotutangulia likapita. Akanipungia mkono nije.

Mguu wangu ukaganda kwenye breki. Bomba lile nililipima kila upande, isipokuwa kutoka kwenye chujio mpaka ardhini. Nikashuka, nikasimama kando ya bampa. Chujio lilikuwa usawa wa katikati ya ugoko wangu. Injini ikivuta maji inakufa palepale, na dada yangu yumo ndani, katikati ya korongo.

“Shemeji, wenzetu wamepita, sisi hatupiti,” nikasema. “Nimeishusha pua ya gari.”

Nilidhani atanipiga. Badala yake akamwendea kaka mmoja Msukuma aliyekuwa anatoka kulima na ng'ombe wake wa plau. Akamweleza habari ya bomba, yule akakubali mara moja kutuvuta, nami nikaanza: mbona haraka hivyo, atadai nini ng'ambo? Nikamuuliza kabisa. Akachungulia ndani ya gari, akanigeukia.

“Dogo, zima mashine. Ng'ombe wangu hawapumulii miguuni.”

Dada, pamoja na uchungu wake, alicheka. Nikafunga chujio kwa nailoni ya ndani ya kiroba cha mbolea, mnyororo wa plau ukashika mbele, shemeji na wapita njia wakasukuma nyuma. Ng'ambo nikafungua nailoni, nikawasha, ikawaka. Yule kaka alikuwa ameshageuza ng'ombe, hakudai kitu. Nakiri, nilichungulia kama ndoano ya kuvutia gari bado ipo.

Dada ndiye yule karibu na mlango, na mtoto anayelia ndiye aliyevuka naye tumboni. Namshukuru Mungu, shemeji, waliosukuma, na kaka yule ambaye hata jina sikumuuliza. Boksi la zamani nimelirudisha. Nilimwomba fundi alifunge yeye, mimi nikae mbali. Nilikaa mbali kidogo.

Shaka haijaniisha. Ila nilishuku watu wote, nikasahau kukishuku kile nilichokitamani. Kwa hiyo, vijana wenzangu, mkinunua bomba la hewa, msiishie kuuliza kama ni orijino. Kunja suruali, simama kando yake, uone linapumulia wapi kwenye mguu wako.