Leonia Ngassa na Kiwanja cha Ghala la Dawa

Maneno ya mumewe, mzee Kornel Ngassa. Ameandika binti yao, Josepha.

Marehemu Leonia alizaliwa tarehe 4 Juni 1953, Isikizya. Alisoma mpaka darasa la nne. Mumewe hakusoma, kwa hiyo barua zote za nyumba hii alizisoma yeye.

Mwaka 1971 alihamia Bukene kwa shangazi yake, akauza karanga stesheni. Palikuwa na kijana mpakia mizigo aliyenunua karanga kila treni ilipoingia. Kijana huyo karanga hazipendi hadi leo. Walifunga ndoa kanisani Bukene tarehe 19 Oktoba 1974, wakajaliwa Josepha na Shukrani.

Jirani na nyumba yao kuna ghala bovu, zamani lilikuwa la dawa za pamba. Dawa zilivuja. Kuku hawachakuri pale. Bondeni, chini ya ghala hilo, ndipo kilipo kisima cha mtaa mzima. Mwaka jana Majidi, aliyerithi kiwanja hicho, alitangaza kukiuza, na tajiri mmoja akataka kuchimba msingi ajenge vyumba vya wageni. Marehemu aliogopa. Udongo ule ukifumuliwa, mvua itaushusha kisimani.

Alikuwa amesikia redioni kuwa serikali ina mpango wa kuwasafishia wanunuzi viwanja vyenye sumu. Akaenda ofisi ya serikali Tabora. Wakamwambia, "Mama, omba kwanza, ukubaliwe, ndipo ununue. Ukinunua kabla, sumu ni yako."

Aliomba tarehe 11 Novemba. Majirani wakamtania, "Mama Josepha, wenzako wananunua mashamba, wewe sumu."

Akasema, "Ipo mlangoni kwangu tayari. Nataka iwe yangu niifukuze."

Majidi akaja. "Shikamoo mama. Tajiri ananisumbua. Nikusubiri mpaka lini?"

"Marahaba. Mpaka nijibiwe, au nife."

Majidi akacheka, akakubali.

Januari figo zilimshinda, akalazwa Nzega. Kila mumewe alipoingia wodini, kabla ya salamu marehemu aliuliza kama barua imekuja. Haikuja. Alifariki tarehe 2 Machi 2025, alfajiri.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu saba, na ombi lake. Tabora wamesema mume anaweza kuliendeleza. Mimi mumewe nimeshaweka dole gumba.

Majidi yuko hapa, amebeba jeneza pamoja nasi. Alichomwahidi marehemu amekitimiza, hakuna wa kumlaumu. Ila mwanangu Majidi, mimi bado sijafa. Nisubiri na mimi.

Lala kwa amani, Mama Josepha. Barua ikija, atanisomea mwanao.