Mama Wilkista Nafula Ngige, Karani Aliyeandika Kitabu cha Kwenda Kortini

Mama yetu mpendwa, Wilkista Nafula Ngige, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1949 huko Bokoli, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Bramwel Walubengo na marehemu Mama Phelista. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha, ndiyo maana akaitwa Nafula.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1967, kisha akajifunza kupiga taipu mjini Kisumu. Mashine zilikuwa chache, kwa hiyo wakati wa likizo alifanyia mazoezi kwenye meza ya jikoni, vidole vikigonga mbao tupu, hadi Mama Phelista akamwuliza kama hiyo meza ilikuwa imemkosea.

Mnamo Februari 1970 aliajiriwa kuwa karani na mkalimani wa korti mjini Kitale. Huko aliona jambo lililomnyima raha. Mtu alisomewa mashtaka, naye kwa adabu tu akajibu, "Ni sawa, bwana hakimu," akimaanisha amesikia. Mama aliomba ruhusa mara kwa mara amweleze kwamba jibu hilo lingeweza kuandikwa kuwa amekubali kosa.

Tarehe 15 Desemba 1973 alifunga ndoa na Ngige Muigai, fundi wa viatu mjini Kitale, ambaye wazazi wake walitoka Nyeri wakahamia Trans-Nzoia. Wazee wa pande zote mbili walisitasita. Wenyewe hawakusita. Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka wa 1984 Mama aliandika *Ukiitwa Kortini*, kijitabu cha kurasa arobaini na nane: usimame lini, ujibu nini, karatasi gani ipelekwe dirisha gani. Baba alishona nakala mia tatu kwa uzi wa viatu. Zilinunuliwa na wakulima na wafanyabiashara kutoka Naitiri hadi Myanga, na hata mawakili wapya walikuja kuzitafuta, ingawa wengi wao walizificha ndani ya faili.

Siku moja mwaka wa 1986, Lenah, mkulima wa Naitiri, alifika kwenye dirisha la Mama. Mumewe, Kiplangat, alikuwa amefungwa miaka miwili kwa kesi ya ng'ombe, naye alileta rufaa. Mama akamwambia muda umepita. Kesi ya jinai ni siku kumi na nne. Lenah akafungua kijitabu.

"Lakini mama, si hapa kumeandikwa siku thelathini? Leo ni ishirini na moja. Nimehesabu."

Mama alisoma ukurasa wake mwenyewe. Thelathini ni za kesi za madai. Alikuwa amezichanganya.

"Kosa ni langu," akasema. "Mimi ndiye niliyeandika."

Lenah akafunga kijitabu. "Sasa tutafanya nini?"

Walienda pamoja kwa wakili Kagwe, aliyekubali kuomba rufaa ipokelewe ingawa imechelewa. Ombi lilihitaji kiapo cha kueleza sababu. Kagwe alimwonya Mama: "Ukitia sahihi hapa, wakubwa wako watajua uliandika bila ruhusa. Kazi inaweza kuisha."

"Yule mtu amekosa rufaa kwa neno langu, wakili. Lete kalamu."

Rufaa ilipokelewa, na baada ya miezi mitatu Kiplangat akarudi nyumbani. Mama alipewa barua ya onyo na kuhamishiwa Bungoma. Kila Jumamosi kwa karibu miaka miwili, yeye na Baba walizunguka masokoni wakitafuta waliokuwa na kijitabu, wakirekebisha ukurasa ule kwa kalamu. Walipata nakala mia mbili sabini na nne. Zile ambazo hawakuzipata zilimsumbua hadi uzeeni. Lenah alibaki rafiki yake, na yuko nasi hapa leo.

Mama alistaafu mwaka wa 2004 na kurudi Kitale. Baba alitutoka mwaka wa 2011. Mwaka wa 2022 Mama aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo, akauvumilia bila manung'uniko mengi, isipokuwa kuhusu chai isiyo na sukari. Asubuhi ya mwisho alimwuliza binti yake kama amekula.

"Nimekula, Mama."

"Edinah, ungeapishwa ungesema hivyo?"

Edinah akacheka, akaenda kununua mandazi. Aliporudi Mama alikula kipande kidogo, akamshika mkono, akalala. Alituaga Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, akiwa na umri wa miaka sabini na sita.

Ameacha watoto watatu, Edinah, Hesbon na Mwihaki, wajukuu saba, kitukuu mmoja, Wamboi, na dada yake, Mary Ann, wa Bokoli.

Mama, umewasemea wengi. Sasa pumzika, na amani ya Mungu ikutunze.