Kichwa cha Mfupa

Kinyozi alikuwa amefumba macho ili abiria wenzake wasimsemeshe, lakini masikio hayana kope. Mbele yake, kwenye behewa la treni, alikaa kijana fundi wa kuchomelea, mkongojo magotini. Kando ya fundi alikaa mama mmoja mwosha maiti, ambaye alishaitaja kazi yake bila kuulizwa.

"Nilianguka kutoka juu ya paa, mama, nyonga ikavunjika," fundi alisema. "Madaktari wakaona mimi bado kijana, wasinitoe kiungo changu na kuniwekea cha bandia. Wakaufunga mfupa kwa skrubu, ukaunga vizuri tu. Leo picha inaonyesha kichwa cha mfupa, pale paja linapoingia nyongani, kimekufa."

Mama alishusha sauti kama aliyeingia msibani. "Kimekufa lini?"

"Ni damu tu, mama. Haikufika."

"Nimekuuliza lini, mwanangu. Maana hakijaoshwa, hakijazikwa, na wewe unatembea nacho."

Fundi alicheka, akajikuta anacheka peke yake. "Mfupa huo, mama, si mtu!"

"Hata hao ninaowaosha, baridi huwaanza sehemu moja. Ikishapata mlango haipigi hodi tena. Upande huo wewe husikii baridi?"

Kinyozi, ambaye kutwa hushika vichwa vya watu bila wasiwasi, alijikuta akiipapasa nyonga yake mwenyewe.

Treni ikasimama. Fundi akajiinua kwa mkongojo, na mama akakunja miguu kumpisha.

"Haya," akasema kwa upole, "shukeni taratibu."

Kinyozi akafumbua macho. Safari nzima mama yule alikuwa akimwita fundi "wewe". Na kituo kile hakushuka mtu mwingine.